Kiatu Kando ya Jiko

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Sisi wazima. Bibi yako bado ana wivu na wewe.

Nasikia daktari kasema akili yako haitulii, ndiyo maana unasahau. Basi umenirithi mimi, bingwa. Bibi yako nilimsahau sokoni, nikafika nyumbani nauliza chakula.

Ila sufuria haiungui kwangu. Nikiwasha jiko, kiatu kimoja nakiweka kando yake. Nikitaka kutoka, mguu mtupu unaniuliza, "Mzee, umeacha nini?" Majirani wacheke tu.

Najua ulisahau jiko, moshi ukajaa mwanao akiwa amelala. Hakuumia. Kumwachia mama mkwe wako mtoto kwa woga si dawa. Kamchukue leo, kabla hajazoea kumwita yule "Mama".

Babu yako, mume usiyeweza kumwacha