Simu ya Lebo ya Tatu

Jumanne, Rodi Kopany

Nimemwambia. Nilidhani ningekufa na siri hii.

Binti yangu Atieno ni rapa aliyepitia lebo tatu za muziki: Homa Bay, Migori, kisha Nairobi. Hiyo ya Nairobi ilitaka jina lake la jukwaani, Nyar Kopany, yaani binti wa Kopany, liwe mali ya kampuni. Nilimsomea mkataba nikamwambia aondoke, akaondoka. Mwezi uliofuata meneja wa lebo hiyo alinipigia simu: arudi, na jina abaki nalo. Sikumfikishia ujumbe. Sikuwaamini.

Tangu hapo anaimba kwenye harusi za Ndhiwa, na watu humwita mtoro wa lebo.

Leo alipokuwa akiniosha miguu nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama.

"Baba, umenyamaza miaka yote hii?"

"Nimenyamaza, nyara, binti yangu. Na wakipiga kesho nitanyamaza tena."

Alitoka bila kunikausha. Niliogopa kwamba hatarudi, nami siwezi kuinuka peke yangu. Baadaye akaja na taulo.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Na usife wiki hii. Sijamaliza kukugombeza."

Sitaomba radhi. Lakini nimemeza dawa zote, hata ile chungu.