Nani Amemwona Severo

Jumatatu, 4 Februari 1991

Mvua tangu alfajiri. Paa la studio linavuja karibu na meza ya kipaza sauti — nimetega sufuria. Don Rolando amerudi kutoka kwao Cochabamba na hamu mpya ya kubana muda. Leo alilinganisha taarifa zetu za habari. Ya kwake ya Kihispania inaisha upesi, yangu ya Kiaymara, lugha yetu ya hapa milimani, inaburuta karibu maradufu, na habari ni zile zile. Akaniuliza kwa upole: mbona kila sentensi unamalizia na "wanasema, wanasema"? Wasikilizaji si wanajua kwamba ni habari?

Nikamwambia nikiliacha neno hilo itakuwa nimeyaona kwa macho yangu. Waziri kafungua daraja — kwani nilikuwepo? Akacheka. Ni mtu mzuri. Miaka mitatu anaendesha redio yetu na bado anavaa viatu vya mjini.

Halafu akanikamata tena. Nilipokuwa namsimulia Karnavali ya mwaka jana, ile sherehe ya kabla ya Kwaresima, nilinyoosha mkono mbele. Ya mwaka huu nikaionyesha nyuma ya bega. Sikujua kama mikono yangu inafanya hivyo, inafanya yenyewe. Nikamwambia: ya jana nimeshaiona, iko mbele ya macho. Ya kesho nani kaiona? Akageuka akatazama nyuma yake, ukutani. Tukacheka wote wawili.

Mdogo wangu Severo aliondoka Jumamosi na lori la kwinoa, nafaka yetu, kupitia uwanda wa chumvi. Nilimwambia azunguke mlimani, maji yameshakaa juu ya chumvi. Akasema akizunguka hatawahi Karnavali, na Paulina mkewe amemwagiza unga na riboni. Haambiliki, huyu.

Jumatano, 6 Februari

Don Rolando aliingia asubuhi na karatasi kutoka kituo cha polisi. Hakunipa. Alivuta kiti kwanza, akakaa, akaniomba na mimi nikae.

Lori limezama katika uwanda wa chumvi. Dereva, Severo Ayaviri, amefariki. Kihispania safi, mhuri chini.

Akasema atasoma yeye, mimi niende nyumbani. Lakini mama huifungua redio kwa ajili ya sauti yangu. Nikikosekana atajua kuna jambo, na atalijua vibaya. Nikasema nitasoma mwenyewe.

Nikafika kwenye neno lenyewe. Kwetu kitendo huja mwisho wa sentensi, na ushahidi unakaa mwisho wa kitendo. *Jiwiwa* — amekufa, na mimi nimeona. *Jiwatayna* — amekufa, lakini sikuwepo. Neno kufa halisemeki hivi hivi tu, likabaki linaning'inia. Lazima uchague umesimama wapi. Kipaza sauti kiko mbele yangu, taa nyekundu inawaka, na mdomo wangu ulilikataa lile la kwanza kama unavyokataa uji wa moto. Nilisema neno la mtu ambaye hakuona. Kisha nikaongeza: wanasema.

Don Rolando alinifuata mlangoni. Neno letu la "wanasema" sasa analijua. "Nemesia, taarifa ya polisi umeigeuza umbea."

Nikamjibu: "Niliona nini mimi?"

Njia nzima nilitega masikio kusikia kilio cha mama. Hakuna kilio. Nilimkuta anachambua kwinoa. Paulina alikuwa ameegemea ukuta, midomo mikavu.

"Umesema kama mtu asiyeona," mama akasema.

"Sikuona, mama."

"Na polisi? Waliona?"

"Sijui. Karatasi haisemi."

"Haisemi vipi?"

Alikuwa haelewi kweli. Mama hakusoma, Kihispania chake ni cha sokoni tu — kiasi gani, hapana, punguza. Nikamweleza kwamba kwa Kihispania mtu anaweza kusema fulani kafa, basi, bila kusema kama aliona au aliambiwa, na hakuna atakayeshangaa. Akaacha kuchambua. Akanitazama kama nimemwambia kuna watu wanatembea bila miguu.

"Maskini wao," akasema. Na akarudi kwenye kwinoa yake.

Alhamisi, 7 Februari

Leo nimeona kitu ambacho sitakisahau. Naandika polepole nisikiharibu.

Asubuhi walikuja nyumbani watu wa aina mbili. Mwalimu mkuu, mke wa sajini wa polisi na mwenye duka la dawa walikuja na maua na mishumaa. Walimkumbatia Paulina, wakamwambia Mungu amempumzisha. Hao walisikia taarifa ya Don Rolando ya Kihispania: amefariki. Majirani zetu walikuja na kamba, baiskeli na majani ya koka ya kutafuna njiani. Hakuna hata mmoja aliyetoa pole. Walichuchumaa uani wakauliza: nani aliona? Lori liko upande gani? Hao walinisikia mimi. Redio moja, asubuhi moja, mtu mmoja. Na katika ua wetu palikuwa na matanga upande huu na msafara wa kutafuta upande ule. Mwenye duka la dawa alibaki katikati na mshumaa wake, hajui auweke wapi.

Nikaenda kituoni na Paulina. Don Rolando akasema atatusindikiza. Sajini ni mtu wa nchi za joto, Kiaymara hajui. Alisema amearifiwa. Na nani? Na chama cha madereva. Chama nao wameambiwa na Wilfredo Lázaro, dereva aliyepita huko Jumapili. Wilfredo tulimkuta kwa muuza petroli, anajaza madumu.

Alivua kofia. Akasema kwa Kihispania, kwa sababu Don Rolando alikuwepo: "Amekufa, dada. Pole sana. Amekufa."

Paulina akanishika mkono. Nikamwambia Wilfredo: niambie kwa lugha yetu.

Akaanza. Severo... lori lake... kwenye chumvi... Akafika kwenye kitendo, akakwama. Nilimwona akilionja lile neno mdomoni. *Jiwi* — akafunga mdomo. Akajaribu tena, akafunga tena. Petroli ilikuwa inamwagika juu ya dumu na hakuna aliyeishughulikia.

"Lori nililiona," akasema mwishowe, macho chini. "Limezama mpaka madirishani. Mlango wa dereva uko wazi, ndani maji tupu. Yeye sikumwona."

"Sasa kwa nini ulisema amekufa?"

"Sikudanganya, dada Nemesia. Waliniuliza kwa Kihispania. Kwa Kihispania ilikuwa kweli."

Don Rolando aliomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akauliza kama ni mtu yule yule, na jambo lile lile. Nikasema ndiyo. Alikaa juu ya dumu tupu, na viatu vyake vizuri ndani ya tope la petroli.

Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii. Kila siku natembea nayo kama ninavyotembea na magoti yangu. Leo ndiyo nimeiona ikimshika mtu mzima kooni na kumkatalia.

Ijumaa, 8 Februari

Nimetangaza mara kwa mara: aliyemwona Severo Ayaviri, kwa macho yake, aje redioni. Don Rolando alitaka kusoma tangazo hilo hilo kwa Kihispania. Alihangaika sana. Alifuta, akaandika, akafuta. Mwisho akasoma: lori limeonekana, dereva hajaonekana, na yule tuliyemtangaza kuwa amefariki hakuna anayejua kama amefariki. Baadaye mke wa sajini akaja kuchukua maua yake. Ameona haya, maskini.

Wanaume wameondoka kwa baiskeli kufuata ukingo wa chumvi. Wilfredo amekwenda nao. Hakuna aliyemwambia aende.

Mimi nina lugha zote mbili kichwani tangu shule ya masista. Sikuwahi kudhani zinaweza kutofautiana kuhusu ndugu yangu. Kihispania changu kinamlilia. Nikianza kusali kwa Kihispania machozi yanakuja yenyewe, na sala inajua neno marehemu. Nikimwita mama aje ale, nakuta machozi yamekauka. Kiaymara changu kinamngoja.

Jumanne, 12 Februari

Karnavali. Tulimwagia pombe pembe za nyumba kama kawaida, mama hakukubali turuke hata moja. Riboni zilizosukwa mwaka jana ndizo tulizowafunga lama, mifugo yetu, masikioni.

Mchana akaja Doña Gumercinda, mchunga mifugo wa ng'ambo ya pili ya chumvi. Alisikia tangazo kwenye redio ya mwanawe. Ametembea mpaka miguu imevimba. Watu wakajaa studio, wengine na kinyago bado kichwani.

Alisema Jumapili ile ya lori aliona mtu anatembea juu ya chumvi, mbali, miguu mitupu, anaelekea mpakani. Na akatumia neno la aliyeona. Chumba kizima kilivuta pumzi.

"Alikuwa Severo, mama?" nikamuuliza.

"Mtu nilimwona," akasema. "Jina lake sikuliona."

Kuna mtu alicheka, kisha akaacha. Nilimsihi. Nilimuuliza urefu, kofia, namna ya kutembea. Bibi wa watu amekuja kwa miguu, angeweza kunipa neno moja la kunifurahisha na nisingejua. Hakunipa. Alichonacho alinipa chote, na pale kinapoishia akasimama.

Don Rolando hakuomba tafsiri. Nadhani alifuata.

Jumatano, 13 Februari

Paulina amevaa nyeusi. Amerudi kutoka kanisani na majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso, akanikuta nafua.

"Wifi, mmenifunga," akasema. "Wewe na mama. Mwenye mume hai analala na mumewe. Mjane analia, analiliwa, watu wanamletea chakula. Mimi niko wapi? Mmenining'iniza kwenye mkia wa neno."

Nikasema hatujui, wifi.

"Hamjui! Kila siku hamjui. Watoto wananiuliza baba yuko wapi, niwajibu kwa neno gani? Kihispania angalau kinaniruhusu nilie."

Nilidhani kutosema uongo kunatosha. Mama alimsikia kutoka jikoni. Alitoka, akamfunga vizuri kitambaa cheusi kichwani, akamwambia: "Lia, mwanangu. Kulia si lazima uwe umeona."

Akalia. Tukalia naye wote watatu, na mama ndiye aliyelia kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akaenda kufungua redio.

Alhamisi, 14 Februari

Naandika studioni, juu ya magoti.

Mchana huu simu ya upepo ya hapa studioni ililia. Don Rolando alipokea, akaniita mbio. Ni Wilfredo, yuko kituo cha mpakani. Sauti inakuja na kwenda, kama mtu anayesemea ndani ya gunia.

Akasema: Nemesia, unanisikia? Nikasema nakusikia. Akasema: leteni nguo zake. Kisha akasema kwa lugha yetu: Severo — na kelele ikapita juu ya neno. Nilisikia *j*. Katikati sikusikia kitu. Mwisho wake nikausikia wazi kabisa, kama vile yuko hapa kwenye kiti: *-iwa*. Kisha kimya.

Don Rolando ananiuliza, amesema nini? Amesema nini? Nikamwambia: ameona. Wilfredo ameona kwa macho yake, neno amelimaliza, hakukwama.

Ameona nini?

*Jiwiwa*, amekufa. *Jakaskiwa*, yu hai. Yote mawili yanaanza na herufi moja na yanaishia mahali pamoja. Tangu Jumatano ile nimekuwa nikisikiliza miisho ya maneno tu. Huu hapa mwisho nilioutaka, mwisho wa mtu aliyeona, na nimeukosa mwanzo.

Nguo — aliyekufa anavalishwa nguo zake. Aliye hai vile vile, kama zake zimeliwa na chumvi.

Nilituma mtu nyumbani. Mama na Paulina wamefika, mama na furushi. Paulina, bado kwenye nyeusi, amelifungua kuona kilichomo. Shati jeupe la harusi, lile la heshima. Suruali. Halafu soksi nene za sufu, pea mbili, na chupa ya chai iliyojaa supu, imefungwa kwa skafu isipoe. Paulina ameishika chupa ile, anamtazama mama. Mama anatazama sanduku la simu kama anavyoitazama sufuria iliyokaribia kuchemka.

Don Rolando hajakoma kuzungusha kitufe. Amevua koti, jasho limemjaa shingoni. Anaita kituo cha mpakani, anaita tena. Upepo tu. Nje watu wamejaa mpaka barabarani.

Sasa kuna sauti, ya mbali.

Don Rolando ameinua mkono. "*Jutam*, Nemesia," anasema. Njoo. Hajawahi kuniita kwa lugha yetu. Ananyoosha kipokeo kuelekea kwangu, na macho yake yako kwenye mdomo wangu.