Sweta la Neema

Jumanne

Leo nimemkana mtoto wa watu.

Jana niliwafundisha Kidato cha Tatu jinsi Wahindi walivyosusia vitambaa vya Waingereza, wakavichoma moto, wakavaa vya kufuma wenyewe. Nikanogewa: "Taifa linalojiheshimu halivai mitumba!" Mwenyewe nimevaa koti la mtumba.

Neema, mmoja wa wanafunzi hao, alirudi kwao Ibighi, akachoma sweta lake la pekee, la mtumba. Na baridi hii ya Tukuyu!

Leo asubuhi mama yake alimleta ofisini, mtoto akitetemeka kwa baridi. "Mwalimu, eti ulimwambia achome nguo?"

Mkuu wa shule alikuwa anasikiliza. Nikaogopa. "Hapana, mama. Hakunielewa."

Neema akanitazama, kisha akainama. "Samahani, mwalimu. Nilielewa vibaya."

Alielewa vizuri kabisa. Kesho nitamwambia mkuu ukweli, kama nitathubutu.