Mume Wangu Si Kunguru

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Mkabala na Kinyozi.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Magoti yanasemaje na baridi hiyo? Binamu zangu nao, wazima wote? Sisi huku hatujambo, na mimi nimezidi, maana furaha niliyonayo haienei kifuani. Shangazi, nimeolewa! Naliandika neno hilo, kisha nalisoma tena. Kila asubuhi naamka, namwona amelala mdomo wazi kidogo, najiuliza ni jema gani nililotenda.

Najua hukuja harusini kwa makusudi. Baba alinisomea ujumbe wako: "Huyo kijana ni kunguru. Akitua juu ya paa, ndani kuna maiti." Nililia, kisha nikacheka, maana mume wangu ana pua ndefu kweli. Lakini leo nataka nikueleze kazi yake, kwa sababu wengi hawaijui, na asiyeijua huiogopa. Muuza mboga wa mtaani kwetu akimwona tu huvuka barabara.

Yeye ni msindikizaji. Mgonjwa akishaambiwa hospitalini kwamba hakuna tena dawa ya kumponya, huitwa yeye akae naye nyumbani. Hatoi dawa, hiyo ni kazi ya muuguzi. Hachukui nafasi ya viongozi wa dini. Anakaa, anasikiliza, anamuuliza mgonjwa anataka nini na anamtaka nani. Wenye nyumba anawaeleza mapema watakayoyaona: kwamba mgonjwa akikataa chakula hajawachukia, ni mwili unaanza kupumzika, kwamba pumzi ikibadilika wasikimbie ovyo. Aliyechoka kuuguza humwambia akalale, yeye ashike zamu. Watu wamempa jina Bwana Taratibu. Hata chai huikoroga kana kwamba kuna mtoto amelala ndani ya kikombe!

Sasa nikupe habari za mama yako. Bibi aliporudishwa kutoka hospitali, sisi kwa heshima tuliinyamazisha nyumba nzima. Baba akaifunika ile cherehani ya Bibi kwa shuka, akaisukumia stoo, mafundi wake wawili akawapa likizo. Pazia tukalishusha, redio tukaizima, tukawa tunanyata kama wezi. Kila aliyeingia alimwambia, "Utapona, Mama." Naye akageukia ukuta, uji akaukataa, maneno yakamwisha. Tukasema basi, siku zimefika.

Ndipo akaitwa Bwana Taratibu, kabla hatujaoana; akavuta kigoda, akamshika mkono. "Bibi, kuna kinachokusumbua ambacho hatujakuuliza?"

"Cherehani yangu mmeiuza?"

Shangazi, tulitazamana! Kumbe alidhani tumeiuza ili tupate dawa, na tunamficha. Baba alikana huku machozi yanamtoka.

"Basi mbona kimya hivi? Mmenizika bado napumua?"

Jioni hiyohiyo cherehani ikaletwa kando ya kitanda, mafundi wakarudi, na wateja nyuma yao. Sasa mama yako anaonja uji, anapiga soga, anagombeza. Jana alimfokea fundi: "Mshono gani huo, unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba?" Na mimi ananiita mke mwenza. "Mke mwenza, mume wetu umemficha wapi? Leo zamu yangu!" Mume wetu akija anamkanda miguu kwa mafuta, nami nasimama mlangoni namtazama, nampenda upya.

Ndoa yenyewe tuliifungia chumbani mwa Bibi ili aone. Kabla sijasema ndiyo, aliniamuru niiname, akaukata kwa meno uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa gauni langu.

Sikudanganyi kwamba anapona. Amedhoofu, analala zaidi, na muuguzi ametuambia tusizungumzie miezi. Mwenyewe anajua, na tangu tuache kumdanganya, moyo wake umekuwa mwepesi. Bwana Taratibu alimuuliza ni jambo gani limebaki. Akakutaja wewe tu.

Nadhani unaogopa, Shangazi, kumwona aliyekufundisha kutembea akishindwa kusimama. Mume wangu amesema nikuambie uogope tu, si aibu. Atakupokea kituoni mwenyewe, na ikibidi atakaa nawe barazani mpaka uwe tayari kuingia.

Lakini njoo sasa, usingoje kuja kuzika. Mama yako amekuchagulia kitambaa cha gauni, cha buluu kama unavyopenda. Fundi alitaka kukikata kwa vipimo vyako vya zamani, Bibi akakizuia kwa kiganja.

"Huyo amenenepa, namjua. Aje nimpime mwenyewe."

Tangu hapo tepu ya kupimia inalala chini ya mto wake, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Kaka yako na wifi yako wanakusalimu sana. Wasalimie binamu zangu, hasa Kinanda asiyejua kunyamaza. Mwambie aje naye, kelele zake zinahitajika hapa. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, umkute macho.

Wako nikupendaye bila kipimo,
Binti wa kaka yako,
sasa mke wa Bwana Taratibu