Ndege Ilichelewa Mchana Mmoja, Mimi Nikachelewa Siku Tatu

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi nirudishie tu, maana hapa nilipofika hata heshima zangu zimechanganyikana. Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya kazini katikati ya majokofu mabovu, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa mke wangu ananipeleka ofisi za shirika la ndege kudai fidia, na mwenye kosa kubwa katika kesi hiyo, nikisema kweli ya moyoni, ni mimi.

Mimi ni fundi wa majokofu, nina mke na watoto pacha ambao wanaota meno kwa zamu, huyu akinyamaza yule anapokea, na chumba cha pili anakaa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana mzuri, sina ugomvi naye, ila anajifunza kupiga tarumbeta, na nilipomwomba apulize polepole akanijibu, "Shemeji, ukiipuliza polepole inakataa," basi tangu hapo usingizi nausikia kwa watu, nasinzia nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya friji ya mteja na mwenyewe anadhani natafuta gesi inapovujia.

Sasa mwezi uliopita bosi alinituma mji mwingine kutengeneza chumba cha baridi cha bucha moja kubwa, nikaifanya kazi ikaisha, nikafika uwanja wa ndege asubuhi nirudi nyumbani, tukaambiwa ndege ina hitilafu, itaondoka jioni, abiria wakaja juu, mzee mmoja akatishia kwenda kulala kwenye mkanda wa mizigo, na shirika kuona hivyo likatupeleka hotelini tule na kupumzika, na hapo ndipo shetani aliponionyesha kitanda.

Mshauri, nisikufiche, kitanda kile kilikuwa na mito minne, shuka zimenyooka kama zimepigwa rula, na kimya, kimya ambacho nilishasahau kwamba bado kipo duniani, nikasema acha nijinyooshe kidogo tu, kumbe basi la kuturudisha uwanjani likaja, wakagonga mlango wangu, mhudumu aliniambia baadaye kwamba waligonga mpaka mtu wa chumba cha jirani akaamka akafungua wa kwake, mimi sina habari, ndege ikaondoka jioni ileile kama walivyoahidi, nami nikaja kuamka kesho yake jua limeshapanda, mate yamenikauka shavuni, simu imeisha chaji, lakini mwilini nimekuwa mtu mpya.

Nikaichaji simu nimpigie mke wangu nimweleze ukweli, naapa nia ilikuwa hiyo, akapokea kwa kilio, "Baba Pacha, uko wapi? Ndege imekuwaje?" na nyuma yake pacha wote wawili wanalia, tarumbeta nayo inalia, nikajikuta nasema, "Bado, mke wangu. Ndege bado haijaruka," nikakata simu, nikalala tena. Kesho yake nikasema wanatafuta kipuri, keshokutwa yake nikasema kipuri kimeletwa lakini siyo chenyewe, bosi nilimwomba ruhusa akanipa, chumba nikakilipia mwenyewe, na nakuhakikishia sikuwa na mwanamke, sikuonja pombe, hata kutoka kutembea sikutoka, nikiamka nakula, nikishiba nalala.

Niliporudi nyumbani mke wangu akanikumbatia mlangoni akanishika mashavu, akasema, "Maskini mume wangu, uso wote umevimba kwa mateso," nami nikakubali, nikasema ndiyo, nimeteseka.

Ningejua lingeishia hapo ningeshukuru, lakini mke wangu ni msusi, ana saluni yake, na neno likishaingia saluni haliwezi kutoka kama lilivyoingia, mteja mmoja akamwambia abiria akicheleweshwa ana haki ya kudai fidia, mwingine akasema binamu yake alidai akapewa, wa tatu akasema msikubali kupewa soda na samahani, na tangu siku hiyo kesi yangu inasukwa pamoja na vichwa vya watu, ukipita nje unamsikia mke wangu, "Siku tatu! Wamemweka mume wangu siku tatu kama begi lisilo na mwenyewe!"

Juzi ndiyo nilijua arobaini yangu imefika. Nimempeleka mtoto mmoja saluni akanyonye, nikamkuta mama mmoja kichwa kimesukwa nusu, anasema taratibu, "Lakini ndege hiyo si ndiyo niliyopanda mimi? Sisi mbona tulifika usiku uleule?" Hata mashine ya kukaushia nywele nikaona kama imepunguza sauti. Mke wangu akaacha kitana kimechomekwa kichwani kwa yule mama, akamtazama, akanitazama mimi, nami nikamshika mtoto kama ngao. Halafu akalipuka, "Kwa hiyo wengine wote waliletwa, wakamwacha mume wangu peke yake!" Wanawake wakasimama wote, mmoja na mapovu ya sabuni kichwani, wakasema huu sasa ni unyama, na yule mama aliyepanda ndege akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akaniomba radhi kwa kuondoka bila mimi. Nikamwambia nimekusamehe. Mshauri, nilimsamehe!

Basi Ijumaa saluni inafungwa, tuna miadi na meneja wa shirika, wateja wanatusindikiza, na shemeji amesema atakuja na tarumbeta ili wajue hatutanii. Nilifikiria nijifanye mgonjwa, mke wangu akasema hata nikiugua nitabebwa, itazidi kutupa nguvu. Ila linaloniumiza siyo meneja. Jana nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu, sauti imeshuka, anasema, "Dada, siku zile sikufumba jicho. Nilikuwa nimebeba mmoja mgongoni na mmoja mbele, nawaza baba yao yuko angani au yuko chini." Nikisema ukweli nyumba itawaka, nikinyamaza ofisi ya watu itawaka. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Niliyelala

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa kukosa usingizi. Mzazi wa pacha anastahili pole, nami nimekupa. Imeisha. Sasa kaa vizuri.

Unanihakikishia kwamba hukuwa na mwanamke wala hukunywa pombe. Ulitaka nikupigie makofi? Mwanamke alikuwepo, alikuwa nyumbani kwako, amebeba watoto wawili na wasiwasi juu. Barua yako yote ndefu hiyo umeniambia jinsi usivyolala wewe. Hakuna mahali umejiuliza yeye analala saa ngapi. Anasuka watu akiwa amesimama kutwa, na meno ya hao pacha hayaotei upande wako tu wa kitanda.

Kuhusu Ijumaa: usithubutu kwenda na uongo huo. Shirika wanajua walileta basi na wanajua waligonga mlango. Ukidai siku tatu, meneja atawaeleza kwa upole kabisa, na mkeo ataupata ukweli kutoka kwa mgeni mwenye tai, mbele ya wateja wake, baada ya kufunga biashara kwa ajili yako. Mke anaweza kumsamehe mume aliyelala. Kumsamehe aliyemwacha apigane vita vya bure hadharani, hapo sikuahidi chochote.

Tena una muda mfupi kuliko unavyodhani. Umeficha jina, umefanya vizuri, lakini saluni yenye pacha, fundi wa majokofu na tarumbeta ni ngapi katika mji wenu? Barua yako inatoka leo, Alhamisi, na wasomaji wangu wakubwa ni wanawake wanaosubiri zamu ya kusukwa. Kama unasoma hapa na bado hujamwambia, acha jokofu la watu lilivyo. Kimbia.

Ukifika saluni mtoe mkeo nje, mzungumze wawili. Usianze na mito minne, utaharibu. Mwambie, "Ndege ilichelewa mchana mmoja tu. Nililala nikaachwa, halafu nikakudanganya ili niendelee kulala, na wewe ulikuwa macho kwa ajili yangu. Nimekosa." Ukishasema, nyamaza. Usiongeze "lakini". Akikurushia kitana, usikwepe. Kisha mtafute yule mama mwenye huruma umwambie kwamba hakuna alichokukosea, umrudishie machozi yake.

Fidia nayo isitupwe. Kuchelewa kwa asubuhi mpaka jioni kulitokea kweli, na haki haifi kwa sababu mwenye haki ni mpumbavu. Chukua tiketi yako na kadi ya kupandia ndege, soma masharti ya shirika, uandike barua ya heshima uulize sababu ya hitilafu na unachostahili kwa kuchelewa kule peke yake. Wakikaa kimya, nenda kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa anga. Walikupa chakula na chumba, kwa hiyo huenda ukapata kidogo au usipate kitu, ukubali. Msiende msafara. Tarumbeta ibaki nyumbani, na shemeji yako mwambie kiume: jua likizama, hakuna kupuliza. Akisema inakataa, atie kitambaa mdomoni. Mdomoni mwa tarumbeta, tuelewane.

Usiku pangeni zamu, mmoja akiamkia watoto mwingine asiguswe. Hilo mlitakiwa kulipanga zamani, mkaoneana haya.

Na hasira zikipoa, mtafutie mkeo chumba hotelini, peke yake, siku tatu kama zile ulizolala wewe. Mbebee begi hadi mlangoni, urudi kwa wanao. Usimpigie kuuliza maziwa ya watoto yako wapi. Yatafute.