Tangazo la Chanjo ya Ng'ombe, Nangwa

Dada Rehema,

Shikamoo. Wanao hawajambo? Huku Nangwa upepo wa mlimani unakata masikio, ila makande na maziwa ya mgando vimeniweka sawa.

Unakumbuka nilivyobishana na bosi kuhusu tangazo la chanjo ya ng'ombe? Yeye alitaka video ya kupendeza, ipate laiki nyingi. Nikamwambia laiki za watu wa mjini hazichanji ndama. Tuangalie wafugaji wangapi wataleta mifugo. Nikamwomba mama mmoja mfugaji atangaze kwa Kidatoga, lugha ya wafugaji wengi wa huku, tukasambaza sauti yake kwenye magrupu ya wasapu ya hapa.

Leo asubuhi bosi kapiga simu ya video, kanuna. "Mbona laiki kwenye ukurasa wetu chache hivi?"

Nikageuza simu aone vumbi. Ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye uwanja wa chanjo kutoka kila upande, na baba mmoja akapaza sauti, "Tumesikia kwenye simu, ndiyo tumekuja!"

Bosi akauliza taratibu, "Chanjo zitatosha?"

"Hazitoshi," nikamjibu. "Leta nyingine leo leo."

Nimekukumbuka mno, dada. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Paulina