Ulimi na Bechi ya Jumatano

Jumatatu, 3 Machi
Karai la mafuta limezimwa. Miaka kumi na tisa nalisikia likichemka tangu getini, leo kimya — nimeingia nikadhani nimekosea kiwanda. Kesho litawashwa kwa bechi moja ya krispi za chumvi, halafu basi. Sasa ni oveni tu. Viazi vimeokwa, mbegu za maboga juu, pakiti ya kijani: BILA CHUMVI. Bosi anasema maduka hayataki tena za kukaanga. Watu siku hizi wanasoma nyuma ya pakiti utadhani wanasaini mkataba!

Kazi yangu ni ile ile. Naonja kila bechi, kila mkupuo unaotoka, kabla haijafungwa, nasaini. Ndiyo maana wananiita Ulimi. Ila bosi ameagiza kimashine cha kupima chumvi. Nikamuuliza, cha nini na mimi nipo? Akacheka, eti cha kunisaidia. Kunisaidia! Tangu saa nne sijatulia. Nimeonja bechi moja mara tano.

Jumatano, 5 Machi
Kichekesho. Zamani wafungaji tulikuwa tunawafukuza kama kuku, wasimalize krispi kabla hazijaingia pakitini. Tangu hizi za afya zije, wiki tatu, hakuna aliyedokoa hata moja. Leo wanadokoa! Fundi wa oveni kajaza mfuko mzima wa koti. Nikawaambia, kumbe afya mmeanza kuizoea? Mmoja akajibu mdomo umejaa: leo mmepatia, Ulimi.

Nimeonja mara mbili. Hamna kitu. Karatasi tupu. Nikasaini.

Nimebeba pakiti tano, nne za mama, moja ya nyumbani. Daktari kamkataza mama chumvi kabisa, na mdomo wake haujui kupumzika.

Ijumaa, 7 Machi
Mama kamaliza zote nne. Siku mbili! Wiki iliyopita aliziita chakula cha ndege, akanirudishia. Nimefurahi. Nimefurahi lakini kuna kitu kinanikereketa. Nimefagia chumba mara mbili, bado.

Jumapili, 9 Machi
Sijui nianzie wapi.

Jana kliniki. Presha ya mama imepanda vibaya. Miguu imevimba, viatu haviingii, karudi na ndala zangu. Nesi kamuuliza, mama umekula nini wewe? Mama kaapa: sijagusa chumvi, nakula hizi za afya tu, anatengeneza mwanangu. Tena kwa majivuno! Mimi nikawa naangalia ukuta.

Nimefika nyumbani nikafungua ile pakiti ya tano, nikampa binti yangu. Kaweka moja mdomoni, kanitazama. Mama, si mmeandika bila chumvi? Hizi zimekolea!

Pipa. Ni lile pipa linalozunguka, la kuchanganyia viungo. Jumanne lilichanganya bechi ya mwisho ya chumvi, likaoshwa, na likishaoshwa mimi ndiye napitisha kidole ndani na kukilamba. Nikisema bado, linaoshwa tena. Nilisema safi. Nimekilamba kidole kile kwa moyo mmoja kabisa, jamani, na sikuhisi kitu.

Nikamwambia binti anichanganyie vikombe vitatu vya maji, kimoja tu kiwe na chumvi, nisione. Nikakosa. Akaongeza chumvi, nikakosa. Mara ya tatu mtoto akaacha kucheka. Miaka kumi na tisa ya kuonja, imeniishia. Ulimi umebaki wa kusemea tu. Nimekaa jikoni nikalia, binti ananishika mgongo.

Na katoni mia mbili zimeshatoka! Wanaonunua pakiti ya kijani ni nani kama si watu kama mama? Nani mwingine kavimba miguu leo? Kesho namwambia bosi. Asubuhi, kabla ya chai. Kazi iende inakotaka.

Jumatatu, 10 Machi
Naandikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Nimewahi kufika, bosi keshapata mgeni — mnunuzi wa maduka makubwa. Wateja wameipenda bechi ya Jumatano, simu haziishi, anataka mara mbili yake! Nikasema, bosi, naomba tuongee kidogo. Akanishika bega, huyu ndiye Ulimi mwenyewe! Zikaletwa sahani mbili, moja ya Jumatano, moja ya Ijumaa. Nikafungwa kitambaa machoni. Eti nimwonyeshe mgeni ipi ni ipi. Wafungaji mlangoni wanapiga makofi.

Nikatafuna ya kushoto. Karatasi. Ya kulia. Karatasi. Nikarudi kushoto, na fundi wa oveni akakohoa. Kakohoa kwa makusudi, namjua, ananisaidia. Neno moja tu, kushoto, na mimi ni Ulimi mpaka nistaafu.

Nikaomba maji ya kusukutua, nikakimbilia huku.

Simu ikalia: mama. Viatu bado haviingii, lakini nikitoka kazini nimletee za kijani mbili, zile zile, na asiletewe ubishi, si na nesi wala na mimi.

Bosi anagonga. Ulimi, mgeni ana haraka. Nimesema nakuja. Maji sijayagusa. Mama bado yuko kwenye simu, nimemwambia asikate, naingia naye hivyo hivyo, asikie mwenyewe kilichomo kwenye za kijani. Anauliza, kwani kuna nini, mwanangu? Bosi anagonga tena, nafunga daftari nifungue mlango.